Kichwa cha Mjomba Kimya

Mwili ulikutwa saa moja na nusu asubuhi chini ya ngazi, umelala kifudifudi, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea mlangoni. Haukuwa na kichwa.

Hivyo ndivyo alivyoeleza mama wa usafi aliyepiga simu kituoni, na alieleza kwa kelele hata askari wa zamu akaiweka simu mbali na sikio. Dakika kumi na tano baadaye Inspekta Kifaru alikuwa njiani, king'ora kinalia, sajini wake kwenye usukani, na nyuma yao gari la uchunguzi wa kisayansi limebeba kamera, poda ya alama za vidole na mfuko mrefu wa kubebea maiti.

Jina la Kifaru alipewa na wenzake, kwa sababu ya mwili wake na kwa sababu ya desturi yake ya kuingia kwenye kesi kichwa kichwa. Alikuwa mtu wa kucheka hadi meza zitikisike. Asubuhi hiyo, lakini, alikuwa ameuvuta mdomo, na Sajini alikuwa akimchungulia kwa pembe ya jicho tangu walipotoka.

"Mkuu, kuna nini leo?"

"Nimemkalia mtu."

"Nani?"

"Mzee Kandambili."

Sajini alimjua Mzee Kandambili. Kituo kizima kilimjua. Alikuwa rafiki wa binti yake Kifaru, mtoto wa miaka sita, na hakuna mwingine aliyewahi kumwona. Alikuja tu siku moja, kwa mujibu wa mtoto, akiburuta kandambili zake, akachagua kiti kizuri kuliko vyote sebuleni. Kiti hicho kilikuwa cha Kifaru. Na leo, Kifaru alipokaa na chai yake, binti alipiga ukelele: "Baba, umemkalia!" Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Kifaru aliinuka, chai imemmwagikia magotini, akafungua mlango wa mbele ukawa wazi, akanguruma: "Mzee Kandambili, toka nje! Leo ndiyo mwisho wako humu ndani!"

Mtoto hakulia. Alimtazama tu, kisha baba alipoondoka hakumuaga. Hilo la kutoagwa ndilo lililokuwa limemkaa Kifaru kooni kama mwiba wa samaki.

"Umemfukuza mzee wa watu bila kosa," Sajini alisema.

"Endesha gari."

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, ya zamani, imezungukwa na malori, nyaya na taa kubwa za miguu mitatu. Mama wa usafi alikuwa amekaa kizingitini, ndoo katikati ya miguu, macho yamemtoka.

"Nimeanza kazi leo," alisema kabla hajaulizwa. "Leo hii hii. Mzee wa chumba cha nyuma kanifungulia, naingia, naangalia saa ya ukutani, inasema saa kumi na dakika kumi. Nikasema, mimi au hii saa, mmoja wetu kachanganyikiwa. Nageuka, namuona huyo."

"Uligusa chochote?"

"Afande, niliigusa barabara. Kwa miguu. Nilikimbia."

Kifaru alivaa glavu, akaingia, akapiga goti kando ya mwili. Koti refu la kijivu. Suruali nyeusi. Vidole virefu kupita vya binadamu. Alishika kifundo cha mkono kutafuta mapigo, maana kazi ni kazi hata kama kichwa hakipo. Mkono ulilia kwi, kama sponji ya kuogea.

Ilikuwa sponji.

Mtaalamu wa uchunguzi aliinama, akabonyeza bega, akanyanyuka taratibu. "Mkuu, marehemu ametengenezwa kwa sponji na waya. Muda wa kifo siwezi kukadiria."

Sajini aliegemea ukuta akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Kifaru alikuwa anatafuta neno zito la kusema mtu mfupi alipotokea mbio kutoka jikoni, vipokea sauti vikubwa vikiwa shingoni.

"Afadhali mmekuja! Wamekiiba! Wamekiiba kichwa!"

Alikuwa mwongozaji wa filamu. Kwa wiki tatu walikuwa wakipiga picha katika nyumba ile, alieleza, filamu ya kutisha. Mtoto mpweke anapata rafiki asiyeonekana na wengine, jina lake Mjomba Kimya. Ni mrefu, ana koti la kijivu, ana vifungo badala ya macho, na hana mdomo.

"Mwanzoni wanacheza tu," Mwongozaji alisema, sauti ikishuka. "Halafu Mjomba anaanza kumwagiza mambo. Mfungie mama nje. Mwagia baba maji ya..."

"Inatosha," Kifaru alisema haraka.

Sajini alikohoa. Alikuwa mmoja wa watu wawili duniani waliojua kwamba Inspekta Kifaru, aliyewahi kumkamata jambazi kwa mkono mmoja, alikuwa hawezi kutazama filamu ya kutisha bila mto wa kufunika macho. Wa pili alikuwa mke wa Kifaru, na mto ulikuwa wake.

"Vipo vichwa vingapi?"

"Kimoja! Fundi alikitengeneza wiki sita. Na leo ndiyo siku ya mwisho, Afande. Kesho wajukuu wa mwenye nyumba wanarudi na nyumba inarudi kwao. Picha ya mwisho tunapiga leo saa tisa. Mtoto anakitupa kichwa kwenye jiko la kuni, kinaungua, Mjomba anakwisha, filamu imekwisha. Bila kichwa hakuna mwisho. Bila mwisho hakuna filamu. Watu arobaini wamefanya kazi ya bure!"

"Kinaungua kweli?"

"Kweli kweli. Moto hauigizwi."

Kifaru alijikuna kidevu. "Kwa hiyo mwizi ameiba kitu ambacho jioni kingekuwa majivu."

"Ndiyo."

"Nani anaiba majivu?"

Kifaru alianza kujisikia vizuri. Wizi ni wizi, na huu ulikuwa na swali ndani yake. Alifungua daftari.

Mlango haukuvunjwa. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ndani. Funguo zilikuwa tatu: moja ya Mwongozaji, moja ya mwenye nyumba, na moja ya mwanamke mmoja wa timu anayewahi kufika kuliko wote. Kichwa kiliachwa jana jioni juu ya ngazi, kimekaa shingoni mwa kiwiliwili chake, na kiwiliwili kimesimama kwenye fimbo ya chuma.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Kifaru alimwambia Sajini. "Mwizi alikuwa na ufunguo."

Aliingia sebuleni kilipokuwa kituo cha picha, mahali palipopangwa kwa ajili ya kamera. Meza. Kiti cha mtoto. Pazia limefungwa upande wa kushoto. Juu ya meza, glasi yenye maua mekundu, nusu yake maziwa. Ukutani, saa kubwa ya pendulo iliyosimama saa kumi na dakika kumi. Alichungulia ndani ya kioo cha saa akaona njiti ya kiberiti imechomekwa kuzuia pendulo.

Akanusa maziwa. Yalikuwa ya leo.

"Sajini. Mwizi gani anayeingia, anaiba kichwa, halafu anamimina maziwa?"

"Mwenye kiu?"

"Mwenye kiu angekunywa."

Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mkavu, aliyebaki kuishi chumba cha nyuma wakati wa kazi ile. Alipoulizwa kuhusu saa alikunja uso.

"Kila asubuhi wanaisimamisha, eti katika hadithi yao ni saa kumi siku zote. Sawa. Lakini wakiondoka saa kumi na mbili jioni, natoa njiti, narekebisha saa, namwaga maziwa yao, naosha glasi, nafungua pazia. Saa inayodanganya siwezi kulala nayo nyumba moja."

"Jana pia ulifanya hivyo?"

"Jana, juzi na siku zote."

"Saa inagonga?"

"Inagonga kila saa. Ndiyo inayonilaza. Leo nimeisikia ya kumi na moja alfajiri. Ya kumi na mbili sikuisikia, nikasema basi, masikio nayo yameniaga."

Kifaru alimshika mkono mzee kwa furaha. "Mwalimu, masikio yako mazima. Wewe ndiye daktari wangu wa uchunguzi wa maiti."

Sasa muda wa tukio ulikuwa unajulikana: baada ya saa kumi na moja, kabla ya kumi na mbili alfajiri. Mtaalamu wa alama za vidole naye alirudi na jibu lake. Glasi haikuwa na alama hata moja, ila nyuzi ndogo za pamba. Aliyemimina maziwa alivaa glavu za pamba.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa mwigizaji anayevaa kichwa kile, mtu mrefu ambaye wote walimwita Ngongoti. Alikaa kwenye kidato cha ngazi, magoti yakimfika masikioni.

"Ulikuwa wapi alfajiri?"

"Nimelala, Afande. Muulize mke wangu, nakoroma. Muulize na jirani."

"Kichwa unakipenda?"

"Nakichukia! Ndani kuna joto la sufuria ya uji. Naingia mbichi natoka nimeiva. Kikichomwa mimi ndiye wa kwanza kupiga makofi." Akafikiri kidogo. "Ila jana sikupiga. Jana tulifanya jaribio la picha ya mwisho, mtoto akitupa karatasi badala ya kichwa. Alilia. Mwongozaji akaruka, 'Machozi ya kweli! Machozi ya kweli!' Wote tukafurahi. Halafu nikaona haachi."

"Nani alimnyamazisha?"

"Mama Palepale."

Kifaru aliandika jina hilo, akalipigia mstari chini.

Mtoto mwigizaji alikuwa na miaka minane, na kazini wote walimwita Malkia. Aliletwa na mama yake, akapanda kiti, akaanza kubembeza miguu. Kifaru alijaribu kupunguza ukubwa wake kwa kuinama, lakini haikusaidia sana.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, Malkia. Unamjua Mjomba Kimya?"

"Namjua."

"Anakutisha?"

Malkia alicheka. "Ananitisha nini? Ndani yupo Mjomba Ngongoti, ananisimulia vichekesho kabla kamera haijawaka. Na hata yeye mwenyewe Kimya si mbaya. Wamemwandika vibaya tu."

"Nani kamchukua?"

"Sijui."

Kifaru alimtazama. Alikuwa ametazama waongo miaka ishirini na mmoja, na huyu hakuwa mmoja wao.

"Jana ulilia kwa nini?"

Miguu iliacha kubembea. "Nilimuuliza Mama Palepale, akichomwa ataenda wapi. Akasema hajui. Yeye anajua kila kitu kinakaa wapi, hilo akasema hajui." Kisha akamkazia macho. "Wewe una mtoto?"

"Ninaye."

"Ana rafiki?"

Sajini aliangalia dari. Kifaru, ambaye hakuna mtuhumiwa aliyewahi kumtoa jasho, alitoa leso.

"Anaye. Leo asubuhi nimemkalia kwa bahati mbaya. Halafu nikamfukuza."

"Umemkalia, halafu *wewe* ndiye uliyekasirika?" Malkia alimgeukia mama yake kama mtu anayetafuta shahidi. "Basi kamuombe radhi."

Simu iliita mfukoni mwa Kifaru. Alikuwa mkewe. Alisogea dirishani.

"Mume wangu, mwanao hataki kula. Kakaa kizingitini tangu ulipoondoka. Nikimwambia ingia ndani, anasema hawezi kumuacha mzee nje peke yake."

"Mwambie nina kesi."

"Kamwambie mwenyewe. Mimi sikumfukuza mtu."

Simu ikakatika. Kifaru alisimama akiutazama ua, ambako mtu wa taa alikuwa akikunja waya mrefu mkononi, duara juu ya duara, bila kuutazama. Mikono ile ilijua kazi kuliko mwenyewe. Kifaru aliutazama waya ule kwa muda, kisha akageuka polepole, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

"Sajini, niitie Mama Palepale. Na niletee chai, vikombe viwili."

Kazi ya Mama Palepale ilikuwa kukumbuka. Filamu haipigwi kwa mpangilio. Mtoto anaweza kuinua glasi leo na kuishusha wiki ijayo, na mtazamaji akiona maziwa yamepanda au pazia limehama, uongo umebumburuka. Kwa hiyo kila kituo cha picha yeye alikipiga picha, akahakikisha kesho kila kitu kimerudi palepale kilipokuwa. Neno hilo ndilo lililompa jina. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, miwani imening'inia kifuani, mikononi glavu nyeupe za pamba.

Walikutana jikoni. Ilisemekana huyu mama hakai kamwe, siku nzima yuko wima kama mnara. Leo alikuwa amekalia sanduku lake kubwa la picha, na hakuinuka kusalimia.

"Pole na kazi, mama."

"Nimeshapoa, Afande."

Kifaru aliketi ng'ambo ya meza. Aliweka kalamu yake sambamba na daftari, akanywa funda la chai.

"Umefika saa ngapi leo?"

"Saa mbili. Nimewakuta ninyi."

"Uligusa kitu sebuleni?"

"Sijaingia sebuleni kabisa."

Kifaru alisukuma kopo la sukari kwa kidole, inchi mbili upande wa kulia. Akaendelea kuandika.

"Ufunguo wako uko wapi?"

"Huu hapa." Alipotoa ufunguo kwa mkono mmoja, wa pili ulilirudisha kopo la sukari.

Kifaru alikilaza kijiko kilichokuwa kimesimama ndani ya kikombe.

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Peke yangu." Kijiko kikasimama tena ndani ya kikombe.

Kifaru alivua kofia yake akaiweka juu ya meza, mbele ikatazama ukuta. Akasubiri. Hakuuliza kitu. Mama Palepale alistahimili kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu hadi kumi. Kisha mkono ukaondoka wenyewe, ukaigeuza kofia, mbele ikatazama mlango kama ilivyokuwa kichwani mwake alipoketi.

"Mazoea yana taabu, mama," Kifaru alisema kwa upole.

Mama Palepale alitazama kofia. Akatazama kopo, akatazama kijiko. Akavitazama vidole vyake kama watoto waliomtia aibu mbele ya wageni.

"Jana jioni Mwalimu aliirekebisha saa," Kifaru aliendelea. "Leo alfajiri ilisimamishwa, saa kumi na dakika kumi kamili, kwa njiti ya kiberiti. Maziwa yakamiminwa mpaka ua la pili la glasi. Pazia likafungwa kushoto. Mwizi wa kawaida hajui hayo. Mwongozaji mwenyewe nimemuuliza pazia linafungwa upande gani, kasema kulia. Uliingia kuchukua kichwa, mama. Ukapita sebuleni. Mikono yako ikaona chumba hakiko sawa."

"Kiwiliwili mbona mmekikuta chini?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Kama ni mimi, ningekiacha hivyo?"

"Usingekiacha. Ndiyo maana najua kilianguka ulipokwisha kuondoka. Ulipokitoa kichwa, uzito ukahama, fimbo ikaelemewa taratibu. Kama ungekuwepo, ungekirudisha palepale."

Mama Palepale alivua miwani shingoni, akaikunja, akaiweka mezani.

"Kimo humu," alisema, akipiga sanduku alilokalia. "Nimekifunga kwa shuka safi. Hakijapata hata mkwaruzo."

"Kwa nini?"

Alivuta pumzi ndefu.

"Nilikuwa na miaka saba. Nilikuwa nalelewa na shangazi yangu, dada yake baba. Sikuwa na mwenzangu wa kucheza, nikajipatia mmoja. Nilimwita Kifungo. Alikuwa anaishi kwenye kitambaa cha bluu, ninacho mkononi usiku na mchana. Shangazi akasema msichana mkubwa haongei na vitambaa. Siku moja akaniita jikoni, moto unawaka. Akasema, 'Kitupe mwenyewe, ili ukue.' Hakunipiga, Afande. Sina la kumlaumu, alidhani ananifaa. Nikakitupa kwa mkono wangu huu."

Akauinua mkono wa kulia, glavu nyeupe, kisha akaushusha.

"Nikakua kweli. Nimekuwa mtu mzima, nina watoto, nina kazi. Lakini tangu siku ile kitu kikitoka mahali pake roho inanipaa. Naamka kuangalia viatu kama vimekaa sawa. Watu wanacheka, na mimi nacheka nao. Jana nikamuona yule mtoto mbele ya jiko. Nikaiona sura yake. Ninao ule uso, Afande, sikuupiga picha lakini ninao miaka yote. Akaniuliza ataenda wapi. Nikasema moyoni, huyu hatakitupa. Wanifunge tu."

Kifaru aligundua kwamba chai yake imepoa na kwamba Sajini, pale mlangoni, anapangusa macho kwa kofia ya serikali. Mwenyewe alimwonea huruma, na hakuona haya.

"Ungeweza kumwambia Mwongozaji."

"Nilimwambia jana. Akasema moto hauigizwi."

Mwongozaji aliitwa. Aliposikia, kwanza aliruka juu, akasema mkamateni, mfungeni, miaka ishirini ya kazi hajawahi kuona. Kisha Sajini akafungua sanduku, shuka likafunuliwa, na Mjomba Kimya akawatazama wote kwa vifungo vyake viwili. Kifaru alifumba jicho moja.

"Bwana Mwongozaji, wewe ndiye mlalamikaji," alisema. "Maelezo ninayo, kidhibiti hiki hapa. Ukitaka shauri, nalifungua sasa hivi. Lakini kwanza niulize kitu. Umewahi kumuuliza Malkia yeye angemalizaje?"

"Afande, ni mtoto!"

"Filamu inamhusu nani?"

Mwongozaji alivua vipokea sauti shingoni, na bila vile alionekana mdogo zaidi na mwema zaidi. Malkia aliitwa. Alipokiona kichwa alipiga kelele ya furaha, akakikumbatia, halafu akamkumbatia Mama Palepale kiunoni bila kuambiwa nani kafanya nini. Mtoto haulizi maelezo ya polisi.

"Malkia," Mwongozaji alisema, akichuchumaa. "Tusipomchoma, tufanye nini naye?"

Malkia alimshangaa. Ni kama alikuwa akingoja swali hilo tangu wiki ya kwanza.

"Tumpe maziwa yake."

"Maziwa gani?"

"Si kila siku glasi ni nusu? Mimi siyanywi yaliyobaki. Ile nusu ni yake. Hana mdomo, hawezi kuomba. Ndiyo maana anakasirika."

Mwongozaji aliinuka taratibu, mikono juu, macho yakimetameta kama ya mtu aliyeokota alichokuwa hajui amekipoteza.

"Anaisukuma glasi upande wa pili wa meza," alinong'ona. "Kamera haitoki usoni kwa mtoto. Tunasikia kiti kinavutwa. Kamera inashuka... glasi tupu." Akajishika kichwa. "Hana mdomo! Na glasi tupu! Mungu wangu, hiyo inatisha kuliko moto! Mama Palepale, umekaa unafanya nini? Nani ataniwekea maziwa kwenye ua la pili?"

"Shauri?" Kifaru aliuliza.

"Shauri gani? Kuna mtu kaibiwa hapa?"

Kifaru alifunga daftari. Katika jalada aliandika kwamba marehemu alikutwa akiwa mzima wa afya na kichwa chake kimepatikana. Mkuu wa kituo aliyasoma maneno hayo mara mbili na hakuuliza.

Picha ya mwisho ilipigwa saa tisa kamili, saa ya ukutani ikisema saa kumi na dakika kumi. Kiti kilipovutwa na ile glasi ikaonekana tupu, Sajini, shabiki wa filamu za kutisha, alipiga yowe likasikika mpaka barabarani, na ikabidi warudie. Mara ya pili Kifaru alimziba mdomo kwa mkono mmoja. Kwa mwingine alikuwa amejiziba macho. Walipomaliza watu arobaini walipiga makofi, Ngongoti akambeba Malkia begani, na Mwalimu akaenda moja kwa moja ukutani kutoa njiti yake.

Jua lilikuwa bado juu Kifaru alipofika nyumbani. Binti yake alikuwa kizingitini, viganja mashavuni. Hakuinuka kumkimbilia kama siku zote.

Kifaru alichuchumaa mbele yake, magoti yakalia.

"Yupo?"

Mtoto alimtazama kwa shaka. Kisha akaelekeza kidole kando yake, kwenye ngazi ya chini.

"Tangu asubuhi?"

"Ulimwambia atoke. Akatoka. Anangoja aambiwe aingie."

Jirani alikuwa akianika nguo. Wavulana wawili walikuwa wamesimama na baiskeli zao njiani. Mkewe alikuwa dirishani. Inspekta Kifaru aliivua kofia yake mbele yao wote, akaielekea ile ngazi tupu.

"Mzee," alisema kwa sauti iliyosikika ng'ambo ya barabara, "asubuhi nimekukalia, na badala ya kuomba radhi nikakufukuza. Kosa ni langu. Nisamehe. Karibu ndani, kiti ni chako."

Binti aliinama upande, akasikiliza. Halafu uso wote ukamchanua, akaruka shingoni kwa baba yake hata nusura wabingirike wote wawili.

"Amekubali, Baba! Anasema avue kandambili?"

"Asivue," Kifaru alisema, akishikilia mlango ukiwa wazi, na akangoja kwa muda unaomtosha mzee kupanda ngazi tatu. "Aingie nazo tu."